Tafakuri ya Mwalimu Siwema Kuhusu Mambo Yanayowaka

Hapo juzi, wala si zamani, palikuwa na nchi. Jina lake silitaji, si kwa woga, bali kwa sababu kamati ya kulibadilisha jina hilo bado inakaa, na kamati za nchi ile zikishakaa huwa haziinuki upesi. Ilikuwa nchi nzuri, milima mahali pa milima na mabonde mahali pa mabonde, na watu wake walikuwa na furaha, hasa wale walioajiriwa kutangaza kwamba watu wana furaha.

Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Elimu. Siku moja wakubwa wa wizara walisafiri kwenda ng'ambo, wakaingizwa darasani, wakaona mtoto anagusa kioo na kioo kinawaka. Hawakuuliza mtoto anasoma nini. Waliporudi, hata mabegi hayajafunguliwa, wizara ilikuwa imeshapewa jina jipya: Wizara ya Elimu na Mambo Yanayowaka. Redio ikatangaza kwamba kuanzia muhula ujao hakuna mtoto atakayefundishwa kwa kitu kisichowaka. Chaki, kwa kuwa haiwaki, ikaingizwa katika orodha ya vitu vilivyopitwa na wakati. Kibatari nacho kiliingizwa, kikakatiwa rufaa kwa hoja kwamba chenyewe kinawaka, na kesi yake mpaka leo inaendelea.

Kila shule ikapewa kishikwambi kimoja. Kwa asiyekijua, kishikwambi ni kile kibao cha kioo ambacho ukikigusa kinakuonyesha picha, na ukikiangusha unaandika barua ya kujieleza.

Sasa, katika nchi hiyo alikuwamo binti mmoja aitwaye Siwema, mwalimu tarajali, yaani mtu anayefundisha kama mwalimu, anayechoka kama mwalimu, ila bado hajawa mwalimu. Siwema alitaka kitu kimoja tu duniani: cheti, ili asimame mbele ya watoto na asiwepo wa kumwondoa. Cheti hakipatikani bila mazoezi ya kufundisha ya wiki nane, na mazoezi hayahesabiki mpaka mwishoni uandike Tafakuri ya Mwalimu Tarajali Kuhusu Matumizi ya Teknolojia Darasani, igongwe muhuri. Mwaka uliotangulia Siwema alikuwa ameandika, kwa uaminifu wa kitoto, "Siku ya somo umeme ulikatika." Akafelishwa kwa kosa la kutoa siri za nchi. Chuo kiliruhusu kurudia mara moja tu. Akifeli na safari hii, ualimu angeishia kuusikia redioni.

*

Walimpeleka Shule ya Msingi Mbigiri, yenye madarasa manne, vyoo viwili, na sanduku moja la maoni ambalo ufunguo wake ulitunzwa wizarani. Mwalimu Mkuu Kasembe, mtu mwembamba wa mwili na mnene wa maneno, alimpokea kwa mikono miwili.

"Binti yangu, wewe una bahati ya mtende. Wenzako wanapelekwa shule ambazo kishikwambi kimeharibika. Chetu ni kizima kabisa. Hakijawahi kutumika."

Akafungua kabati la chuma kwa funguo tatu. Ndani, kishikwambi kilikuwa kimelala juu ya mto mdogo, bado kimo kwenye nailoni yake ya dukani, kimefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua pembeni. Kitambaa kilikuwa kazi ya mke wa Mwalimu Mkuu, kwa maana katika nyumba za watu wenye adabu hakuna kitu cha thamani kinachokaa uchi.

"Na nailoni, Mwalimu Mkuu? Haitolewi?"

"Itolewe?" Kasembe akashika kifua. "Nilitia saini kukipokea kikiwa ndani ya nailoni. Siku nikiambiwa nikirudishe, nitasema nailoni imekwenda wapi?"

 Hoja ilikuwa nzito.

Kila Jumatatu kishikwambi kilitolewa mstarini. Kilibebwa na walimu wawili, mmoja akikishika na wa pili akiwa tayari endapo wa kwanza atapiga chafya. Wanafunzi wote wakainama kidogo na kusema kwa sauti moja, "Shikamoo, kishikwambi!" Chenyewe kikawa kimya. Kwa muhula mzima walimu walikuwa wamebishana kama ni adabu chombo kuamkiwa kisiitikie, mpaka Mwalimu Mkuu alipotoa uamuzi: kwa kuwa kimetoka wizarani, kina haki ya kutojibu. Watu wakaridhika.

*

Siwema alipewa Darasa la Pili, watoto tisini na wanne, madawati kumi na tisa. Siku ya kwanza aligawa vitabu ili aone nani anajua nini. Wengine walivishika juu chini. Mmoja alikinusa chake akasema kinanukia vizuri. Mtoto mmoja tu, Mwanvua, msichana mwenye macho makavu na mdomo usiopoa, alisoma ukurasa mzima bila kukwama. Siwema akafurahi, akamfungulia ukurasa mwingine. Mwanvua akausoma uleule wa kwanza. Alikuwa ameukariri kwa kumsikiliza kaka yake, na kwa maoni yake kitabu kizima kilikuwa kinarudia habari moja.

"Hapa imeandikwa nini?" Siwema akamwonyesha neno.

"Hapo hapajaandikwa, Mwalimu. Hapo pamechorwa."

Siwema akaona kazi iliyo mbele yake, na kusema kweli aliogopa.

Alipoomba kukitumia kishikwambi, alitakiwa kuleta saini tatu: ya Mwalimu Mkuu, ya mwenyekiti wa kamati ya shule, na ya shahidi asiye na undugu na fundi umeme. Huyo wa tatu alipatikana baada ya siku sita. Hatimaye kikawekwa mezani mbele ya darasa, na Mwalimu Mkuu mwenyewe akabonyeza juu ya nailoni. Kikawaka! Watoto wakapiga makofi. Kasembe akatoa kitambaa cha mfukoni akajifuta macho.

Kisha kikaomba nenosiri.

Nenosiri lilitunzwa halmashauri, ikabidi liombwe kwa barua. Baada ya siku nne ilifika barua, imegongwa mihuri miwili ya SIRI, na Mwalimu Mkuu akaifungia kabatini bila kuifungua.

"Sasa tutalijuaje?" Siwema akauliza.

"Hatutalijua. Ndiyo maana ya siri, binti yangu."

Wakiwa katika kubishana, Mwanvua aliyekuwa amesogea bila ruhusa akabonyeza moja, mbili, tatu, nne, ambazo ndizo namba alizokuwa na uhakika nazo. Kikafunguka. Mwalimu Mkuu akamwagiza asahau mara moja alichofanya, na Mwanvua akaahidi. Kwa bahati mbaya, wakati huohuo chaji ikaisha.

Shule haikuwa na umeme. Aliyekuwa na sola pale kijijini ni mmoja tu, kinyozi Mlekwa, ambaye mashine zake za kunyolea zililia kutwa nzima chini ya paa la bati. Kishikwambi kikapelekwa kwake kwa msafara, mgambo mbele, kitambaa juu. Huko kilipoonja umeme na kunusa mtandao, kikaanza kujisasisha. Kiliandika kwa herufi ndogo kwamba kisizimwe wala kusogezwa mpaka kifike asilimia mia moja. Kilikuwa asilimia moja.

Waliosema akili ni nywele, kila mtu ana zake, walikuwa wamemwona kinyozi huyu. Mlekwa akachukua chaki akawa anaandika asilimia mlangoni kila asubuhi, na wateja wakaongezeka. Watu walikuja kunyolewa ili wakione kikijisasisha, na wasio na nywele walikuja kupunguziwa ndevu. Wiki ya pili ilipoisha kilikuwa kimefika asilimia nne.

*

Katikati ya mazoezi, mwalimu tarajali hutakiwa kutoa tafakuri ya majaribio. Siwema akaandika: "Kishikwambi kiko kwa kinyozi. Watoto wako darasani. Bado hawajakutana."

Mkufunzi wake, Bwana Ng'itu, alikuja kwa pikipiki siku ya pili, karatasi ameishika kwa vidole viwili. Alikuwa ameandika juu yake kwa wino mwekundu: "Haina matumaini. Rudia."

"Mwalimu Siwema," akasema kwa huruma, "mimi nina walimu tarajali mia moja na ishirini. Mia moja na kumi na tisa wameandika kwamba watoto walifurahi sana na somo limeeleweka kwa asilimia tisini na tano. Wewe unaniletea kinyozi."

"Lakini Mkufunzi, na vyao si viko kwa vinyozi?"

"Viko. Kwani wao wameandika?"

"Hawakuandika."

"Haya. Hiyo ndiyo tofauti ya anayepata cheti na asiyepata." Akavaa kofia yake ya pikipiki, sauti ikawa inatokea ndani kama ya mtu aliye kisimani. "Mwisho ni wiki ya nane. Nataka tafakuri inayowaka, mama. La sivyo tutaagana, na mimi sipendi kuagana na watu."

Siwema akabaki amesimama uwanjani. Alitamani kulia, lakini kipindi cha tatu kilikuwa kimegongwa.

*

Sasa, walimu wa nchi ile wana jambo moja wanalofundishwa chuoni kabla ya yote, nalo ni kufaragua. Mwalimu akikosa zana, haketi akashika tama. Anaokota kilichopo akatengeneza. Hana vihesabio, anaokota visoda. Hana mizani, anafunga makopo kwenye fimbo. Hana ramani, anaichora ukutani na kuomba mvua isije na upepo. Katika somo la kufaragua Siwema alikuwa wa kwanza chuo kizima.

Akaenda dukani, akaomba boksi tupu la sabuni. Akalikata dirisha upande wa mbele, akapitisha vijiti viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto. Akaunga karatasi kwa gundi ya uji mpaka ikawa ndefu kuliko darasa, akaandika juu yake silabi na maneno kwa mkaa, akaizungushia kwenye vijiti. Ukizungusha cha kulia, ba be bi bo bu zinapita dirishani moja moja. Ukizungusha cha kushoto, zinarudi. Juu ya boksi akachora kitufe, ili watoto wasione wamepunjwa.

"Kishikwambi chetu!" Mwanvua akapiga kelele. "Hiki hakina nailoni!"

Boksi lenyewe, tuseme ukweli, halikuwa na uchawi. Lililofanya kazi ni koo la Siwema. Alisimama kwa saa tano kila siku, akizungusha kijiti na kuuliza, akisahihisha mmoja mmoja, akirudi nyuma kwa ajili ya waliochelewa na kuwapa waliotangulia kazi ya kuwavuta wenzao. Chaki aliitumia kwa kificho kama mtu anayevuta sigara hospitalini. Haba na haba hujaza kibaba. Wiki ya tano, mtoto aliyekinusa kitabu alisoma "baba". Wiki ya sita, Mwanvua alisimama mbele ya neno lililoandikwa ukutani, akanyamaza muda mrefu kuliko alivyowahi kunyamaza maishani, kisha akasema polepole, "O-fi-si." Akageuka, macho yamemtoka. "Mwalimu! Kumbe pameandikwa!"

Siwema alifurahi mpaka akaona aibu.

Basi, balaa likaanza. Watoto wakawa wanasoma kila kitu. Walisoma magunia, walisoma fulana za baba zao. Mwalimu Bi. Asumini alipita mstarini amevaa kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu", na watoto tisini na wanne wakamsomea kwa pamoja, wakati jirani yake aliyekusudiwa alikuwa amesimama palepale. Hawajasemezana mpaka leo.

Jioni moja wakapita mbele ya kibao kikubwa kilichosimama kichakani miaka mitatu. Wakakisoma. "Mradi wa kisima cha maji safi. Umekamilika." Wakazunguka nyuma ya kibao. Wakatafuta kushoto na kulia. Kisha wakaenda kwa ofisa mtendaji wa kijiji, wakamwamkia kwa adabu, wakauliza, "Mzee, kisima kiko wapi?"

Ofisa mtendaji hakulala raha. Asubuhi akaandika taarifa ya dharura kwenda juu: katika Shule ya Mbigiri watoto wameanza kusoma, bila taarifa wala maandalizi.

*

Wizara iliipokea taarifa hiyo kwa shangwe. Ilikuwa dhahiri kwamba kishikwambi kimefaulu, na lilikuwa jambo la kwanza kufaulu tangu wizara ibadilishwe jina. Kamishna wa Mambo Yanayowaka, Dakta Mhandisi Lubisi, akaamua kuja mwenyewe, wiki ileile ya nane, na magari kumi na moja, likiwemo moja lililobeba kiti chake.

"Kimefika ngapi?" Mwalimu Mkuu akamtuma mgambo akimbie kwa kinyozi.

"Asilimia sitini na moja," mgambo akarudi akihema. "Kinyozi anasema kikisogezwa kinaanza upya."

Kasembe akakaa chini pale pale alipokuwa. Hapakuwa na kiti.

Kamishna akahutubia kwanza. "Ndugu zangu! Dunia ni kijiji. Kijiji kina kioo. Asiyejitazama kiooni atajuaje kama ameamka? Ndiyo maana serikali yenu ikasema, iwake! Nayo inawaka! Inawaka juu, inawaka chini, na pale isipowaka, ni kwa sababu inajiandaa kuwaka!" Akaendelea hivyo kwa saa moja na robo. Kisha akaingia Darasa la Pili, akakalishwa kwenye kiti chake, na Bwana Ng'itu akasimama pembeni akiwa na muhuri mfukoni.

Siwema hakuwa na jingine la kufanya. Akafundisha kama alivyofundisha kila siku. Akazungusha kijiti, maneno yakapita dirishani, watoto wakayasoma. Akazungusha haraka, wakasoma haraka. Kamishna akainuka taratibu, akalisogelea boksi, akaweka miwani.

"Mwalimu, mbona sioni waya?"

"Hakina waya, Mheshimiwa."

Kamishna akawatazama wasaidizi wake. Wakaandika.

"Chaji inakaa muda gani?"

"Hakitumii chaji, Mheshimiwa."

"Mtandao?"

"Hakitumii."

"Nenosiri?"

"Hapana, Mheshimiwa."

Chumba kizima kikashusha pumzi. Siwema akaona mambo yanakwenda kusiko, na hofu ikampanda, lakini alilelewa kutomdanganya mtu mzima akikuuliza kwa upole. "Mheshimiwa," akasema, "hili ni boksi la sabuni."

 Kamishna akawageukia watu wake, sauti imemlegea kwa hisia. "Mmesikia? Anaiita boksi! Unyenyekevu ulioje! Wataalamu wetu wangeipa jina la mistari minne!"

Makofi yakalia. Na kwa kuwa boksi lilikuwa limegeuzwa wakati wa makofi, Mwanvua akaona maandishi ya nyuma, na tangu ajue kusoma hakuweza kuona maandishi akayaacha. Akasoma kwa sauti kali, "Sabuni ya mche. Vipande ishirini na vitano. Weka mahali pakavu."

"Andikeni!" Kamishna akafoka kwa furaha. "Programu: Sabuni. Toleo: ishirini na tano. Na tazameni, inamfundisha mtoto mpaka namna ya kuitunza!"

*

Uamuzi ulitolewa palepale, juu ya boneti ya gari. Boksi lingepelekwa makao makuu kwa ulinzi, likafunguliwe na wataalamu. Taifa lingeagiza kutoka ng'ambo maboksi kama hayo laki mbili, yaliyoboreshwa kwa kuwekewa waya, chaji, mtandao na nenosiri. Vijiti vingeendeshwa kwa mota. Na kwa kuwa imedhihirika kwamba boksi linafundisha lenyewe, Darasa la Pili Mbigiri lisingehitaji tena mwalimu.

"Na mtoto akikosea, Mheshimiwa?" Siwema akauliza. "Nani atamsahihisha?"

Kamishna akamwekea mkono begani. "Mwanangu, katika teknolojia mtoto hakosei."

Siwema mwenyewe angepandishwa cheo kuwa Mtunza Stoo Msaidizi wa Maboksi, huko makao makuu, mahali pasipo na mtoto hata mmoja wa kumsumbua. Kilichobaki ni tafakuri. Bwana Ng'itu akamletea fomu mpya iliyochapwa kwa ajili ya siku hiyo, yenye swali moja: "Kilichowafundisha watoto hawa kusoma ni nini?"

"Andika neno moja tu, mama," Ng'itu akamnong'oneza, na kwa mara ya kwanza alikuwa anaomba. "Kishikwambi. Herufi kumi na moja. Nigonge muhuri upate cheti chako, sote twende nyumbani."

Siwema akashika kalamu.  Alimfikiria mama yake, aliyewaambia majirani mara mbili kwamba binti yake ni mwalimu na mara moja akalazimika kuwaambia kwamba bado. Alijua kabisa kwamba akiandika kitu kingine, mwaka wa pili umekwenda na hakuna wa tatu. Nje ya dirisha watoto walikuwa wanayasoma magari ya Kamishna kwa zamu, namba na yote, wakibishana nani kasoma vizuri zaidi.

Akaandika mistari mitatu. Akakunja karatasi, akaitoa.

Bwana Ng'itu akaifungua, akatafuta mahali pa muhuri, akapiga kama mtu anayeua mbu. Kamishna akasaini chini yake bila kukatisha maongezi yake na dereva. Hakuna aliyeisoma, na tusiwalaumu. Kanuni ya wizara ilisema tafakuri zote zitasomwa na kishikwambi, nacho kilikuwa asilimia sitini na moja. Ikatangazwa papo hapo kuwa Tafakuri Bora ya Taifa, nakala zake zikaagizwa zipelekwe kila shule, na ile yenyewe ikatiwa kwenye fremu ya kioo ikatundikwa kwenye ubao wa matangazo wa Mbigiri. Kamishna akapiga nayo picha. Siwema akakabidhiwa cheti chenye utepe.

Alikishika cheti kile mikononi, na furaha aliyoisubiri miaka miwili haikuja. Magari kumi na moja yakaondoka, boksi likiwa limefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele.

*

Kesho yake asubuhi Siwema alitoka na begi lake kwenda kusubiri gari la makao makuu. Alikusudia kupita nyuma ya madarasa, asionane na mtu. Lakini mbele ya ubao wa matangazo palikuwa na umati wa sare, watoto tisini na wanne wamebanana, wa mbele wamepiga magoti ili wa nyuma waone. Mwanvua alikuwa amepandishwa juu ya tofali. Kidole chake kilikuwa juu ya kioo, kikienda neno kwa neno.

"Boksi ni la sabuni," akasoma, "halijui herufi hata moja."

"Halijui herufi hata moja," darasa likarudia.

"Kishikwambi kiko kwa kinyozi."

"Kiko kwa kinyozi."

"Watoto hawa nimewafundisha mimi, kwa chaki, nao wamejitahidi sana." Mwanvua akasimama hapo, akakunja uso. Akageuka, akamwona Siwema na begi lake. "Mwalimu! Hapa kwenye 'mimi', ni nani?"

"Ni yeye huyo!" wakampigia kelele wenzake. "Ni Mwalimu Siwema! Mbona jina lake liko chini!"

Mlango wa ofisi ukafunguka kwa kishindo. Mwalimu Mkuu Kasembe akatoka mbio, kiatu kimoja mguuni. "Nyamazeni! Nani kawaruhusu kusoma? Lile tangazo ni la kutazama, si la kusoma!" Akafika kwenye ubao, akaisoma karatasi yeye mwenyewe kwa mara ya kwanza, na rangi ikampotea. "Binti yangu. Haya uliyaandika wewe?"

"Niliyaandika, Mwalimu Mkuu."

"Na Kamishna akasaini?"

"Akasaini. Na muhuri ule pale. Na nakala zinakwenda kila shule."

Kasembe akawaza, na kuwaza kwake kulionekana usoni. Akiiondoa fremu, ataulizwa kwa nini. Akisema kwa nini, atakuwa amesema kwamba Kamishna alisaini kitu ambacho hakukisoma. Na katika nchi ile, mtu aliyesema jambo kama hilo mara ya mwisho alipewa uhamisho kwenda wilaya ambayo bado haijaanzishwa. Fremu haikuwa ya kuondolewa, wala cheti hakikuwa cha kufutwa. Kulibaki njia moja.

"Basi wanyamazishe!" akamwambia Siwema, akimshika mkono kama mtu anayezama. "Mchana huu ofisa elimu anapita hapa. Mimi hawanisikii. Boksi halipo. Wewe ndiye uliyewafundisha, wewe ndiye mwalimu wao, waambie waache!"

Siwema akalitua begi chini. Katika wiki nane, na mwaka mzima kabla ya hapo, hakuna mtu mzima aliyekuwa amemwambia kwamba yeye ndiye aliyewafundisha. Akamtazama Kasembe, akawatazama watoto, na kicheko kikamponyoka.

"Mwalimu Mkuu, kufundisha kusoma tulifundishwa chuoni," akasema. "Kumwachisha mtu kusoma akishajua, hiyo mada haikuwamo kwenye muhtasari."

Nyuma yake Mwanvua akakirudisha kidole kwenye mstari wa kwanza, wakaanza tena kutoka juu, safari hii kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu wa nyuma walikuwa wamelalamika kwamba hawakusikia.